Maji ya Gentil

Jumanne, jioni

…na wiki sita tangu harusi, bado nikiandika "mume wangu" moyo unaruka! Gentil wangu hushinda kando ya ziwa akitia klorini kwa sindano katika bido za watu, madumu yao ya kuchotea maji, kipindupindu kisiwaue. Nasi tunaishi kwa mama yake, ambaye humwaga maji hayo.

Leo Mama alinisikilizisha sauti aliyotumiwa kwenye simu: eti klorini inafunga kizazi.

"Mama, ni nani anasema?" nilimuuliza kwa upole.

"Mutu wa hospitali."

"Anaitwa nani?"

"Jina ni ya nini? Mimi natafuta mujukuu! Kesho utachota mapema, mbele bwana yako afike na sindano yake."

Sikubishana. Nilijaza kikombe maji ya Gentil, nikayanywa yote mbele yake. Nikajiona shujaa!

"Sawa," akasema. "Tutaona mwezi huu."

Ndipo nilipojua nimejifunga mwenyewe. Nisiposhika mimba, sauti ile itakuwa imesema kweli, na majirani humsikiliza Mama.

Gentil ananiita tule, mpenzi wangu. Nitamwambiaje kwamba damu imeanza jioni hii?