Kunde za Babu Yako

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu kutoka hapa Boko. Mimi ni mzima, na mama yako anaendelea na genge lake la mboga. Nyumba tu imepoa tangu tumzike babu yako.

Umeniuliza nilipata wapi moyo wa kuvuna kunde zake hata kabla ya arobaini. Nilipokuwa msichana, kule kusini, baba alifariki ghafla akiwa ameshang'oa mihogo yetu yote, imerundikwa uani. Kesho yake baada ya maziko, mama alishika kisu akaanza kuimenya aianike iwe makopa.

Shangazi akamwambia, "Wifi, hata aibu huna?"

Mama akajibu bila kuinua uso, "Ikioza hii, watoto wa kaka yako utawalisha wewe?"

Shangazi akaomba kisu.

Siku ile mama hakulia. Alilia miezi mingi baadaye, aliposonga ugali wa makopa ya mwisho.

Kunde za babu yako nimezikausha, nimezichanganya na majivu zisibunguliwe. Kuzivuna niliweza, mjukuu wangu. Kuzipika bado sijaweza.

Ni mimi, bibi yako.