Makunyanzi Kwenye Bwawa la Baba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie mapema iwezekanavyo, kwa sababu lori la kifusi nimeshaliagiza kwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nisipopata mtu wa kunishika mkono nitafukia bwawa alilochimba marehemu baba yangu, na mdogo wangu sijui kama atakanyaga tena nyumbani kwetu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Baba alikuwa fundi bomba, na alipochoka kuwapelekea watu maji majumbani mwao akaamua na sisi tuwe na ya kuchezea, akachimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yeye na rafiki zake wawili, majirani wakimcheka kwamba anachimba handaki, na kwa kuwa vigae hakuviweza alitandika turubai la plastiki la buluu, lile zito, na likichakaa alitandika jingine, na siku ya kutandika, mshauri, sisi watoto wanne hatukulala kwa kuisubiri. Alikuwa anafungulia maji kidogo tu, yakifika kwenye vifundo vya miguu anafunga bomba na kutuita, "Vueni viatu, tukakanyage bwawa," basi tunajipanga, yeye mbele, kila mmoja ameshika mkanda au gauni la mwenzake, tunaanzia katikati tunaburuta visigino kwenda ukutani, kila kunyanzi tunalisukuma mpaka linaishia pembeni, na mama amekaa ukingoni anatusimamia, "Hapo mmeruka, rudini," na kitinda mimba wetu, ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda, yuko mabegani kwa baba amemshika masikio. Kiatu hakikushuka kwenye bwawa lile hata siku moja, hata wageni waliokuja kushangaa walivuliwa viatu ukingoni. Turubai la baba likikamilika ulikuwa unaliona limenyooka kama karatasi, na harufu ya ile plastiki mpya nikiisikia dukani mpaka leo machozi yananilengalenga.

Baba ametutoka miaka minne sasa, turubai lake la mwisho likapasuka, bwawa likakauka likabaki la majani makavu na mijusi, na mimi niliyebaki na mama nikawa sifungui hata dirisha la upande ule. Sasa mwaka huu magoti ya mama yamekataa kabisa, na daktari akasema dawa yake ni kutembea ndani ya maji kila asubuhi, nikasema kumbe baba alituachia hospitali nyuma ya nyumba na sisi tunaitazama. Kitinda ni fundi wa maturubai ya malori na mahema, plastiki anaichomelea kwa moto mpaka mshono huuoni, kwa hiyo sikutafuta mtu wa nje. Alikuja na futi yake ya kupimia, lakini mimi nilikuwa nimeshapata kijidaftari cha baba, kimeandikwa kwa penseli, "Bwawa, urefu nyayo 34, upana nyayo 17," na kandambili zake nimezihifadhi chini ya kitanda changu tangu msiba, nikamwambia Kitinda futi yako itie mfukoni, bwawa hili lina kipimo chake, tukapima kandambili moja tukazidisha. Akasema, "Dada, ngoja basi nipime na mimi nihakikishe," nikamjibu kama humwamini baba sema tujue. Akaandika, akaenda kukata.

Alitandika peke yake mchana mmoja mimi nikiwa kazini, akajaza maji mpaka juu, na niliporudi nilishika kichwa. Makunyanzi, mshauri, yamesimama sakafuni kama shuka ya mtu aliyelala na homa, kwenye kona plastiki inaning'inia, ngazi imepinda. Mama kwa furaha yake akasema hivyo hivyo yatafaa, na asubuhi akashuka nimemshika mkono, ananiambia maji yananukia kama zamani, hatua ya tatu mguu ukanasa kwenye kunyanzi akazama mpaka kichwa. Nilimtoa. Hakuumia, ila tangu siku hiyo anaweka kiti chake pale pale ukingoni na kuligeuzia bwawa mgongo, na nikimuuliza anasema, "Maji ya mzee yamenikataa." Daktari ameshasema asipotembea, mwakani atakuwa mtu wa kubebwa.

Nikamwita Kitinda nikamsema mbele ya mama na mbele ya jirani, nikamwambia miaka yote ile na baba hukuambulia kitu. Hakubisha. Alisema tu, "Nyie ndio mlikuwa mnakanyaga, dada. Mimi nilibebwa." Akakusanya vifaa vyake, na wiki ya tatu hii hajaja, mama anampigia simu nikiwa kazini. Lile bwawa siwezi kulitazama, kila kunyanzi naona ni kama tumemkunja baba mwenyewe, ndiyo maana nikaagiza kifusi. Je, nifukie yaishe? Na huyu mdogo wangu aliyeharibu kumbukumbu ya baba nimfanyeje?

Ni mimi, Binti wa Fundi Bomba.

*

Binti wa Fundi Bomba, kwanza mpigie mwenye lori umwambie asije. Ukishampigia rudi hapa uendelee kusoma.

Umerudi? Haya. Pole kwa baba yako, na pole zaidi kwa mama, maana mtu wa umri ule kuzama hadi kichwani mbele ya mwanawe si jambo dogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi. Umeniandikia mwenyewe kwamba kiatu hakikushuka kwenye bwawa lile hata siku moja. Sasa nieleze, baba yako alipokuwa anapima ndani ya lile shimo, alikuwa amevaa nini miguuni?

Daftari limeandika nyayo, mwanangu. Halikuandika kandambili. Nimemsimamisha mume wangu hapa sebuleni juu ya kandambili yake, ananitazama kama nimerukwa na akili, na nimepima: kiatu kimeuzidi mguu sentimita tatu. Zidisha mara thelathini na nne uone. Ni mita nzima na kidogo kwa urefu, na nusu mita kwa upana. Plastiki yote hiyo ya ziada ulitaka iende wapi? Imejikunja sakafuni, na mama yako akaikanyaga.

Kwa hiyo Kitinda alikata vile vile ulivyompimia. Alikuja na futi, ukamwambia aitie mfukoni. Akaomba kuhakikisha, ukamtolea jina la marehemu, na hapo nani angebisha? Kisha ukamsimanga mbele ya jirani. Umekosea, na umekosea kwa sauti kubwa, kwa hiyo usije ukaenda kumwomba radhi kwa kunong'ona. Yeye naye simsafishi. Fundi mzima unaona plastiki imekuzidi, unajaza maji mpaka juu na kwenda zako? Alinuna, akafanya kazi ya kununa. Lakini kukanyaga bwawa angejulia wapi? Nyie mlijifunza kwa visigino, yeye alichokuwa anakiona ni utosi wa baba yenu.

Zile kandambili naelewa kwa nini ulizitoa chini ya kitanda. Mimi nina kikombe cha marehemu mama yangu, kina ufa, chai sinywei humo, nakitazama tu nikiosha vingine na moyo unatulia. Hakuna ubaya. Ila kandambili ni ya kukumbukia, kupimia kuna futi, na baba yako mwenyewe angekuwa nayo mfukoni siku ile asingesumbua miguu yake.

Sasa nisikilize. Maji yote toa kwa pampu, na usijaribu kuyasugua makunyanzi hayo, maana mita nzima haipotei kwa kisigino. Mama asiguse ile ngazi mpaka inyooshwe. Kitinda usimwite, nenda wewe kwenye karakana yake, mchana, wenzake wakiwepo. Chukua ile kandambili, iweke mezani pake, useme, "Mdogo wangu, nilikupimia kwa kiatu." Hayo yanatosha, atayajumlisha mwenyewe, na kama atacheka mwache acheke, haki yake. Apime kwa futi yake urefu, upana na kina, mara mbili, na wewe kazi yako siku hiyo ni kushika ncha ya futi na kunyamaza. Akate ziada, achomelee, turubai lianikwe juani lilainike kabla hajalishusha.

Siku ya kutandika waite na ndugu zenu wale wawili. Fungueni maji mpaka kwenye vifundo, mfunge bomba. Kiti cha mama kigeuzeni kitazame bwawa, maana ile ndiyo kazi yake tangu zamani, kuwaambia mliporuka, na hakuna daktari aliyemkataza kusimamia. Akishaona limenyooka kwa macho yake mwenyewe, kushuka atashuka, wala hutambembeleza.

Na kwenye mstari, nafasi ya mbele iliyokuwa ya baba mpeni Kitinda, wewe mshike mkanda kwa nyuma, umwelekeze pa kuburuta. Mtu mzima yule, ana karakana yake, lakini kwenye bwawa lile bado yuko mabegani kwa baba yenu, na baba yenu hayupo tena wa kumshusha. Mshushe wewe. Mwambie avue viatu.