Pengo la Darini

Mtaa Mpya, Ghadamesi
12 Juni

Mpendwa Shangazi Mabruka,

Kabla ya salamu nina neno ambalo sijamwambia mtu: ukuta wa darini kwetu nimeutoboa mimi.

Sasa nakuamkia. Shikamoo. U mzima? Joto la Tunis likoje? Sisi hatujambo, ila magoti ya Bibi ndiyo hayo hayo.

Unaikumbuka nyumba ya zamani, ninyi wanawake mlivyokuwa mkivuka juu ya mapaa, dari hadi dari, mji mzima ukiwa wenu, wanaume wako chini vichochoroni. Huku Mtaa Mpya Baba amepandisha ukuta wa darini kupita kichwa, tusichunguliwe. Bi Zinuba, shoga wa Bibi tangu utoto, yuko upande wa pili. Kumfikia ni kushuka ngazi, kupita barabarani mbele ya wanaume na kugonga geti. Bibi aliacha kwenda. Wakawa wanapigiana kelele ukutani.

"Zinuba, umekufa?"

"Nikifa nitakuaga. Mmepika nini?"

"Kuskusi. Hukualikwa."

Halafu Bibi anarudi kuketi, na chakula hagusi.

Mimi unanijua. Shuleni nafundishwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na kwa lugha zote mbili najibu kwa kutikisa kichwa tu. Lakini Baba alipokwenda shambani nilichukua patasi yake, nikatoa tofali moja, kisha jingine. Bi Zinuba akachungulia: "Panua, mwanangu. Bibi yako si mwembamba."

Tangu hapo Bibi anavuka kila alasiri, na anakula. Akirudi nafunika pengo kwa mkeka.

Ila wiki hii Baba anaanza kupiga lipu ukuta wa darini. Naogopa ataliziba. Bibi hana wasiwasi: "Akinuna nitamuuliza, mkewe niliyemchagulia nilimwona wapi kama si darini? Angejichagulia mwenyewe, angeoa ngamia."

Naomba umpigie simu, Shangazi. Wewe dada yake anakusikia.

Nisalimie sana Ami Othmani na mdogo wangu Sukeina. Mola awazidishie afya na awarudishe kwetu msimu wa tende.

Nakuandikia hapa darini, na sasa nasikia nyayo ngazini. Ni Baba, anahema, amebeba saruji. Siku zote ukurasa kama huu ningeusukuma chini ya godoro. Leo nimeuacha magotini, na mkeka nimeuvuta pembeni mwenyewe. Kwenye pengo Bibi na Bi Zinuba wanaonekana wote wawili, wanachambua dengu.

Mwanao akupendaye,
Tibra