Marehemu wa Redioni

Rumonge, 10 Novemba 2024

Mwanangu Karimu,

Amahoro. Sisi huku wazima, ila goti langu hunisumbua asubuhi. Wewe na watoto hamjambo? Kila Jumamosi dada yako Asiya hufunga duka la sabuni mapema, majirani hujaa uani kukusikiliza redioni ukiwafundisha vijana biashara.

Juzi alikuja Vestine, muuza mawese wa Nyanza-Lac, amebeba mchele wa msiba. Akanikuta nakula. Redioni alidaka tu kwamba baba yako amefariki. Sisi tulikusikia ukisema alifariki ukiwa na miaka saba, ukajifunza kupika sabuni peke yako, tukadhani ni utani. Tulicheka sana, mchele akauacha. Lakini alipoondoka nilijiuliza swali moja. Mwanangu, nilikukosea wapi?

Baba yako, Djibril

Bujumbura, 1 Desemba 2024

Baba,

Salamu aleikum. Pole na goti. Dereva wa basi atakuletea dawa ya kuchua.

Hukunikosea. Siku ya kwanza mtangazaji aliniuliza kama nilikua yatima, nikaitikia tu. Simu zikamiminika, watu wakilia. Kila wiki wakataka nirudie, nami nikarudia. Sasa chama kinataka kuniweka kwenye orodha ya wabunge, na hadithi hiyo ndiyo wanayoipenda. Nivumilie uchaguzi upite, kisha nitairekebisha. Naona haya hata kuandika hivi.

Mwanao, Karimu

Rumonge, 19 Januari 2025

Mwanangu,

Dawa imefika, murakoze. Goti linaitikia.

Walikuja wageni wawili wa chama. Watu wa adabu, walivua viatu mlangoni. Wamesikia sokoni kwamba niko hai. Wakasema, "Mzee, sema tu wewe ni baba mudogo wake. Kaka yako ndiye aliyekufa."

Nikawaambia, "Mimi sina kaka."

"Nani anajua hilo?"

Asiya alitaka kuwafukuza, nikamzuia. Nimefikiri sana. Mtu hulea mutoto ili afike mbali kuliko yeye. Hata nikisema hivyo, nitaendelea kukuombea kila swala. Ila sitasema kwa agizo lao. Niandikie wewe, kwa mkono wako: "Baba, sema wewe ni baba mudogo." Nitasema.

Baba yako

Bujumbura, 16 Februari 2025

Baba mpenzi,

Amahoro. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Mara nyingi nilishika kalamu, nikaandika "Baba, sema wewe ni", mkono ukakataa kuendelea.

Asiya ameniambia siku hizi Jumamosi huwashi redio. Basi nikueleze. Jana nilisema: "Baba yangu yuko Rumonge, anaitwa Djibril. Ndiye aliyenishika mkono juu ya pipa la sabuni nisiungue. Mimi ndiye niliyemuua, kwa maneno tu, kwa sababu mlipenda kumlilia." Mtangazaji akaweka muziki. Jioni chama kikanipigia: jina langu limeondolewa. Kipindi nacho kimekwisha. Wengi wamenitukana, na wana haki.

Binti yangu mdogo aliniuliza kama babu atatupokea. Nilimjibu sijui. Tutaondoka Ijumaa alfajiri. Tafadhali, mlango ufungue wewe mwenyewe.

Mwanao

Rumonge, 18 Februari 2025

Mwanangu,

Barua imefika sasa hivi. Asiya ananiandikia kwenye simu yake, maana barua ya karatasi itachelewa.

Ijumaa iko mbali. Njooni kesho.

Baba yako