Vitambaa vya Nekesa

Jumatatu, Julai 2006. Kitale.

Baridi ya leo si ya kuchezea. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kuandika kwa hii kompyuta ya saiba. Mvua imetunyeshea tangu asubuhi, na mizani yetu haikupima hata gunia moja.

Kwa wasionijua, mimi ni karani wa mizani kwenye stoo ya mahindi. Wakati wa mavuno malori hupanga foleni hadi barabarani na sipati hata nafasi ya kunywa chai. Lakini kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, bana, ni kukaa tu. Wenzangu huchapa usingizi juu ya magunia matupu. Bosi alishasema hajali mtu anafanya nini, bora lori likiingia limpate akiwa macho.

Mimi nilijitafutia kazi. Mama alipatwa na kiharusi mwezi wa pili, kule nyumbani Bungoma, akiwa katikati ya kushona vitambaa vya makochi vya mdogo wangu Nekesa, anayeolewa Disemba. Mabinti wa majirani wote waliolewa na vitambaa vya Mama. Sasa zamu ya binti yake ilikuwa imefika, na mkono wa kulia ukafa.

Nikabeba uzi wake na sindano ya kroshia, nikaja navyo kazini. Sikuwa najua kushona. Mama Njeri, ninayefanya naye kazi, alinifundisha wiki mbili nzima huku akinicheka, ati vidole vyangu ni vya kushika jembe. Nikajua. Nikawa natoa kitambaa kimoja kwa siku, na kila Jumapili navipeleka nyumbani Mama aniwekee.

Nilijiona mtu wa maana sana, nasema ukweli.

Jana nikiwa nyumbani nikamwambia Nekesa alete vyote tuone vimefika wapi. Akasita, kisha akaleta kikapu. Ndani mlikuwa na uzi. Madonge ya uzi tu, yameviringwa vizuri. Akaniambia alikuwa anaogopa kunieleza.

Mama huvifumua. Nikisharudi Kitale, anabana kitambaa kati ya magoti na kuvuta kwa mkono wa kushoto mpaka kiishe.

Nilikasirika, sitaficha. Miezi mitatu ya kuumwa na vidole! Nikaenda nikaketi karibu naye, nikatoa cha mwisho kilichobaki kwa mkoba, nikamuuliza nimekosea wapi. Nilitaka aniambie mshono ni mbaya, nirekebishe, yaishe. Tangu augue maneno yake hutoka moja moja. Alikichukua, akautafuta mwisho wa uzi kwa meno.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini wacha na mimi nifanye kazi."

Nikakaa pale nikimtazama akivuta. Uso wake ulikuwa umetulia. Sijauona hivyo tangu mwezi wa pili. Kilipoisha alininyooshea mkono, anataka kingine, na sikuwa nacho.

Sijui nifanye nini.

Nikivificha huku Kitale, mtaani Tuwan kwa nyumba yangu, Nekesa ataolewa kama wenzake, na Mama atashinda kwa kiti siku nzima akiangalia mkono wake. Nikimpelekea, Nekesa ataondoka nyumbani bila vitambaa, na mavuno yakianza sitapata tena dakika ya kushona. Yeye mwenyewe anasema nimwachie Mama, lakini nilimsikia akilia jikoni. Nimemuuliza Mama Njeri, akasema pole, akaendelea kuchambua maharagwe yake. Nimeomba pia. Nimechoka kuomba.

Leo nimeshona tangu saa mbili mpaka saa kumi na bado sijamaliza hata kimoja. Si uvivu. Nimebana matundu na kukaza mshono kabisa, mpaka vidole vimevimba.

Cha Jumapili hii nataka Mama akivute mpaka Alhamisi.