Jina Lisionekane

Roret, 4 Oktoba 1997

Mwanangu Onchiri,

Chamgei. Huku ng'ombe amezaa na majani chai tunachuma kwa mvua. Kile kikohozi cha Nairobi kimeisha?

Nasikia kitabu cha kanisa juu ya vita vya kura iliyopita kinachapishwa hapo kazini kwako. Nilimweleza karani wao vile niliwaficha wewe na mama yako mzazi Mongina kwa stoo ya mahindi siku tisa. Nikamwambia asiandike jina, kumbe ameandika. Kura inakaribia, na wale waliochoma nyumba yenu tunapeleka majani nao kwa kituo kimoja. Juzi mmoja alinisalimia akacheka: "Mama, tunangoja kusoma."

Toa jina langu.

Mama yako,
Chenifa

Nairobi, 15 Oktoba 1997

Mama Janeffer,

Pokea salamu nzito kama gunia la majani mabichi. Kikohozi kilinikimbia chenyewe, kiliniogopa.

Mama, tulia. Nairobi hii wenye vitabu wananitafuta mimi, hata kama darasa la saba nilitokea dirishani. Kitabu chenu kiko kwa faili ishirini na tatu, kila sura na yake, zimejaa alama za mikwaju, vile vimstari vilivyoinama, za kuiambia mashine wapi ikoleze na wapi ianze ukurasa. Zamani ningezisoma zote mpaka macho yatoke. Siku hizi kuna kidirisha kwa kioo cha kompyuta: naandika neno, nabonyeza panya (si yule wa stoo yako aliyenitembelea masikioni), na mistari yote yenye hilo neno inajipanga kama wachumaji mbele ya mizani.

Niliandika Janeffer. Mara kumi na moja. Zote nimegeuza "mama mmoja". Nikatafuta tena, hakuna. Umepotea hata wewe mwenyewe huwezi kujipata. Lala.

Mwanao,
Onchiri

Roret, 1 Novemba 1997

Mwanangu,

Salamu, na Mungu akuweke. Nililala siku mbili tu.

Karani alipita hapa nikamuuliza aliandikaje. Anasema pengine alinakili kitambulisho, pengine aliandika vile alisikia. Na mdomo wetu unaujua, j inatoka ch. Angalia sahihi ya barua zangu. Huyo ulimtafuta?

Mtu ameweka alama ya makaa kwa mlango wa stoo. Mzee wangu Kipkurui anasema ni watoto. Watoto hawafiki juu vile.

Mama yako,
Chenifa

Nairobi, 8 Novemba 1997

Mama,

Leo sina mzaha. Niliandika Chenifa. Mstari mmoja, sura ya tisa: "Chenifa, nyumba ya tatu chini ya kituo cha majani." Mashine inatafuta kile umeiandikia tu, na barua yako yenye sahihi hiyo ilikuwa mfukoni mwangu. Nimeufuta kwa faili, lakini vitabu vilikuwa vimeshachapwa.

Mimi na Okello wa mashine ya kuchapa tumekata hiyo karatasi kwa wembe, vitabu vyote vilivyo hapa. Lakini boksi moja liliondoka Jumanne kuja Roret. Vitabu arobaini.

Toka hapo, wewe na mzee. Nendeni kwa dada yako kule Mogogosiek, ama mje kwangu. Siku zile tisa uliniambia nisikohoe. Sasa mimi nakuambia usingoje.

Ukifika andika, hata neno moja.

Mwanao,
Onchiri

Nairobi, 29 Novemba 1997

Mama,

Posta wananijua sasa. Wanasema nangoja barua ya mchumba. Nimewaambia ndiyo.

Leo nilifungua kile kidirisha, sijui kwa nini. Nikaandika Janeffer, faili zote. Hakuna. Nikaandika Chenifa. Hakuna.

Andika, mama. Tia sahihi yoyote.

Mwanao,
Onchiri