Kiti Chako cha Barazani

Jumatano, 18 Juni. Asubuhi joto zito, upepo hakuna, matawi yameziba njia.

Duane,

Maharage yamo kwenye sufuria. Maziwa yamwage, umeme ulikatika. Usiguse waya ulioanguka uani.

Redio inasema dhoruba itarudi jioni, na mimi nitakuwa darasani mpaka saa tatu usiku. ~~Naomba ukae na Lenora.~~ Utakaa na mwanao Lenora. King'ora cha kimbunga kikilia, shukeni chumba cha chini, wewe, yeye na mama yako. Barazani usiende.

Maana leo alfajiri kililia, nikawashusha hao wawili, wewe ukachukua kahawa na kiti ukaenda kutazama mawingu na jirani Merle. Nilipopanda kukuita ukanicheka: "Nenda kasali, mama. Kimbunga hakijawahi kuvuka mto huu." Nilisali, ndiyo, huku nakuvuta kwa shati. Sasa tazama tawi lililolala juu ya kiti chako. Nawe umerudi kulala, unakoroma. Mungu amekuvumilia. Mimi sina uvumilivu wake.

Kule chini gizani Lenora aliniuliza, "Baba anapenda mawingu kuliko sisi?" Mjibu wewe.

Na hili nimelisema kwa sauti jikoni, mama yako na Lenora wakisikia: siku nyingine nikishuka nao, natia komeo kwa ndani, na sipandi tena kukufuata.

Mkeo, mpaka sasa